Nundu za Kamshafti

Pikapu ya Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, haina nafasi ya mbio. Leo inabeba samaki kutoka ufuoni mwa ziwa, kesho mbao, keshokutwa mitungi ya maji, na ikitumwa Nairobi lazima iupande ukingo wa Bonde la Ufa ikiwa imejaa. Mwenyewe akitaka kuiongezea nguvu, muuza vipuri humwonyesha kamshafti ya mashindano. Fundi anayeijua kazi yake humuuliza kwanza: unabeba nini, na mlimani unatumia gia gani? Nalipenda swali hilo kuliko mngurumo wowote.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vavu hufunguka mara 25 kwa sekunde. Nundu ya kamshafti ndiyo huamua vavu iinuke kiasi gani na ikae wazi muda gani. Vavu ya kuingiza ikikawia kufunga, injini hupumua vyema ikiwa mbioni. Injini ikienda polepole, pistoni inayopanda huisukuma nje hewa iliyokwisha kuingia. Na Kamere iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa imepungua kwa takriban moja ya tano. Ya kupoteza itoke wapi?

Injini ya EFI, inayopimiwa petroli na kompyuta, ina lake pia. Vavu za kuingiza na za kutoa zikikaa wazi pamoja kwa muda mrefu, presha ya manifodi huyumba. Kompyuta hudhani injini imelemewa, na nozeli humwaga petroli ya ziada. Kwa hiyo fundi huchagua nundu za wastani, zilizoachana digrii 112 au zaidi. Vijana waliozoea kutazama Safari Rally huko Oserian na Hell's Gate hulalamika kwamba mlio umepoa. Lakini magari yale yana tabo, wala hayabebi mbao.

Kinachonivutia zaidi ni upimaji. Fundi hubandika plastisini ya watoto wa shule juu ya pistoni, hufunga silinda hedi, kisha huzungusha kranki kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili. Akishafungua, huikata plastisini kwa wembe na kupima unene pale vavu ilipoacha alama. Upande wa kuingiza hutaka milimita 2 hivi. Wa kutoa hutaka zaidi, kwa kuwa pistoni huifukuza vavu hiyo kwa nyuma. Zisipotimia, kamshafti hurudi kwenye karatasi yake ya mafuta, hata kama imeshalipiwa.