Maiti ya Kaizari Haisemi, Lakini Ipo

Katika tendo la tatu la Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare, Brutus, mmoja wa wauaji, yuko mimbarini akiwaeleza Warumi kwa nini Kaizari ameuawa, mara Antony, rafiki wa Kaizari, anaingia na maiti. Shakespeare ameandika maneno machache tu kueleza kuingia huko, kisha mazungumzo yanaendelea. Tangu hapo mpaka umati uibebe maiti kwenda kuichoma kuna mistari zaidi ya mia mbili, na muda wote huo Kaizari amelala pale pale mbele ya watu. Msomaji, kama tulivyo wengi wetu, humsahau mapema. Mtazamaji ukumbini hawezi kumsahau hata akitaka.

Tamthilia haina msimulizi wa kutukumbusha. Ina majina na maneno, basi. Kwa hiyo kitabuni mhusika anayenyamaza hufutika, wakati jukwaani mhusika huyo huyo anapumua, anageuza shingo, anawafanya wengine wapunguze sauti. Mwanafunzi wa Kenya anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE amezoeshwa kuulizwa muktadha wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Ni maswali mazuri sana, na yamewafundisha wengi kusoma kwa makini. Mimi ningeongeza la tano: nani mwingine yupo hapo, ambaye hasemi?

Turudi kwa Antony, maana hapa ndipo ufundi unapostahili kutazamwa taratibu. Hotuba anayoitoa mbele ya maiti husifiwa kwa ulaghai wa maneno yake, na sifa hiyo ni halali. Ila ndani ya maneno hayo mna maelekezo yote ya jukwaani, wala hayakuwekwa kwenye mabano. Anataja wosia wa Kaizari, na kwa hiyo tayari tunajua kwamba ana karatasi mkononi. Watu wanadai usomwe, naye anakataa. Kisha anawaomba wafanye duara kuizunguka maiti, anawaomba ruhusa ya kushuka mimbarini, nao wanamwambia ashuke. Mmoja anawasukuma wenzake nyuma wampishe. Mpaka hapo mwandishi amekwisha kumtoa msemaji juu na kumleta chini, ameupanga umati mzima, na macho yetu sote ameyaelekeza kwenye kitu kimoja kilicholala chini. Hakuna sentensi hata moja iliyotoka nje ya mazungumzo.

Ndipo Antony anapolishika joho la Kaizari. Anasimulia jioni ambayo Kaizari alilivaa kwa mara ya kwanza, hemani, siku ya ushindi. Anaonyesha matundu ya visu vya wauaji: hapa alipita Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Watu wanalia kwa nguo tu, na yeye anasubiri walie. Halafu analiondoa joho na kuwaonyesha mwili wenyewe. Mpangilio huo, karatasi kwanza, nguo baadaye, mwili mwisho, ni kazi ya mtu aliyejua kwamba mwigizaji ana mikono na kwamba mikono hiyo lazima ipewe shughuli. Hasira inapolipuka, watu wanataka kukimbia wakachome nyumba za wauaji, na ni Antony anayewaita warudi kwa sababu wamesahau wosia waliokuwa wakiupigia kelele. Ile karatasi imekuwa mkononi mwake muda wote.

Ufundi huu ulitokana na namna kazi ilivyofanywa. Katika kumbi za London za zama hizo mwigizaji hakupewa mchezo mzima. Alipewa karatasi yenye maneno yake peke yake, pamoja na maneno machache ya mwisho ya mwenzake, ili ajue wakati wake wa kuingia umefika. Kwa hiyo kama alitakiwa ashuke, apige magoti au ashike nguo, ilifaa amri hiyo iwe ndani ya maneno yake mwenyewe. Juliasi Kaizari ulichezwa mwaka 1599, lakini haukupigwa chapa mpaka 1623, miaka saba baada ya mwandishi wake kufariki. Karibu robo karne mchezo huo uliishi vinywani mwa waigizaji na machoni mwa watazamaji, bila msomaji wa kuununua dukani.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba kusoma tamthilia ni kupoteza muda. Kuna jambo moja katika hotuba hiyo ambalo nadhani ni msomaji tu anayelipata kwa urahisi. Antony hakuwepo Kaizari alipochomwa visu. Trebonius, mmoja wa waliokula njama, alikuwa amemvuta pembeni makusudi, naye akarudi baada ya damu kumwagika na kuwapa mkono wauaji mmoja mmoja. Majina yao anayajua; tundu lipi ni la nani hawezi kulijua. Ukumbini hatupati nafasi ya kuliwaza hilo, maana tumo ndani ya umati na tumeshachukuliwa. Msomaji anaweza kusimama, kurudi nyuma kurasa kadhaa, na kumwona mtu anayebuni ushahidi mbele ya maiti ya rafiki yake huku akimlilia kwa dhati.

Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo huu kwa Kiswahili mwaka 1963, akaurudia na kuutoa upya mwaka 1969. Mwaka huo huo ndipo kilipochapishwa Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni mwa mchezo huo Kinjeketile ni mfungwa wa Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji ya kukinga risasi ni uongo, na mwenyewe anayo mashaka yake juu ya maji hayo. Kitunda, mwenzake vitani, anamsihi akubali. Kitabuni jibu linakuja kwenye mstari unaofuata, kwa sababu kitabu hakina saa. Jukwaani mwigizaji ndiye anayeamua tumsubiri kwa muda gani, na katika kusubiri huko ndimo yalimo mashaka yote ambayo Hussein hakuyaandika. Kuyaacha yasiandikwe, kwa imani kwamba atatokea mtu wa kuyabeba, kunahitaji ujasiri ambao mwandishi wa riwaya halazimiki kuwa nao.

Waandishi wetu wa siku hizi hutumia mabano zaidi. Kigogo cha Pauline Kea, cha mwaka 2016, kinafunguka kwenye karakana ya wachonga vinyago sokoni Chapakazi, na maelezo hayo mafupi yanatupa watu wenye zana mikononi kabla hatujasikia hoja yoyote ya siasa. Wanafunzi wengi huyaruka wakimbilie maneno ya Sudi, mmoja wa wachongaji hao. Wasiyaruke. Mtu anayezungumza huku anachonga hasemi kama mtu aliyekaa bure.

Mwalimu mwenye darasa la tamthilia muhula huu, nakuomba: kabla ya dondoo na maswali, gawa sehemu, sogeza madawati, mlaze mwanafunzi mmoja chini afunikwe koti, kisha hotuba ya Antony isomwe kwa sauti mpaka mwisho. Na wewe unayesoma peke yako nyumbani, chukua penseli, na pembeni mwa kila onyesho andika majina ya wote waliopo, wanaosema na wasiosema.