Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe: ni yake kweli?

Wapenzi wa fasihi ya zamani ya Kiswahili wana swali wasilochoka kuulizana: tawasifu ya Tippu Tip ni ya Tippu Tip kweli, au ni ya Mjerumani aliyeichapisha? Nimekisoma kitabu hiki zaidi ya mara moja, mara ya mwisho nikiwa Tabora kikazi. Swali lenyewe ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi wakishapata jibu wanafunga kitabu, wakati mimi naona hapo ndipo pa kuanza kusoma.

Kwanza historia yake kwa ufupi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa mzee aliyetulia Unguja pale Heinrich Brode, wa ubalozi mdogo wa Ujerumani, alipomwomba aandike maisha yake. Mzee akaandika kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Brode akayahamishia kwenye hati ya Kilatini, akatafsiri kwa Kijerumani, na kazi ikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwenyewe alifariki mwaka 1905. Baadaye W. H. Whiteley akaitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wengi wetu tumeisoma kupitia toleo hilo. Jina la kitabu linatoa ahadi kabisa: *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe*.

Sasa, mtu akisisitiza sana kwamba maneno ni yake mwenyewe, msomaji lazima ajiulize. Kati yetu na kalamu ya mzee yupo mhariri. Kuhamisha hati ya Kiarabu kwenda Kilatini si kunakili tu. Unaamua irabu, unaamua neno linaishia wapi, unaamua sentensi ikatwe wapi. Kwa hiyo mkono wa Brode umo, hilo halina ubishi.

Hata hivyo, sauti siyo ya Brode. Kitabu kinatembea kwa -ka-: tukaondoka, tukafika, tukakaa, tukagombana. Hakuna anayesimama kumweleza mgeni frasila ni nini au tembe linajengwaje. Madeni yanakumbukwa kwa jina la mdai na la mdaiwa, kama mzee wa barazani anavyokumbuka nani hajamlipa tangu enzi hizo. Mzungu anayetunga kwa ajili ya Wazungu wenzake angeeleza kila kitu. Brode mwenyewe alipoandika wasifu wake wa Tippu Tip, uliotoka mwaka 1905, alieleza kweli, kirefu. Weka vitabu hivyo viwili pamoja uone kama kuna haja ya ushahidi mwingine. Kwangu mimi tawasifu ni yake.

Lakini kuwa yake hakuifanyi kuwa ya kweli. Mchoraji anayejichora anachagua mwanga uangukie wapi, na mzee huyu alijua kuchagua.

Chukua jina lake. Kitabuni anasema watu waliokimbia vita yake na Nsama wa Itabwa, mwaka 1867, ndio waliomwita hivyo, kwa mlio wa bunduki zake: tip, tip. Ila Livingstone, aliyekutana naye mwaka huohuo, aliandika habari nyingine katika shajara yake: kwamba alisimama juu ya mali aliyomteka Nsama, akaisogeza pamoja, akajiita mwenyewe Tipo Tipo, yaani mkusanyaji. Halafu kuna maelezo ya tatu, kwamba jina lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Stanley naye aliyaona macho hayo akayaandika. Kati ya maelezo hayo matatu, mzee alituachia lile la bunduki. Mali iliyotekwa imeondoka, na macho yenyewe hayamo. Yaani ni picha ya mtu ambayo imerukia macho!

Au chukua kisa cha Utetera, katika Kongo ya leo. Huko alitawala mzee Kasongo Rushie, ambaye dada zake walitekwa zamani. Tippu Tip akatokea na habari kwamba bibi yake upande wa mama alikuwa mmoja wao, kwa hiyo yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Akapewa utawala. Wanahistoria wengi wanaona kisa hicho ni cha kubuni. Mimi kinanivutia kwa sababu kinamwonyesha akiwa kazini: anajitungia nasaba mbele ya hadhira, na hadhira inamlipa nchi nzima. Mtu mwenye kipaji hicho ndiye huyuhuyu anayetusimulia sisi.

Kujichora hakukuwa kipaji chake peke yake katika njia hii ya misafara. Mwaka 1871 Stanley alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na mfanyabiashara mmoja Mwarabu akampa mtoto aitwaye Ndugu Mhali. Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu. Mwaka uliofuata wawili hao walipigwa picha studio mjini London, Stanley kavaa nguo za safari, kijana kasimama naye kashika bunduki. Picha ni halisi, waliomo ndio wenyewe. Lakini mbuga ni ya studio, na bila yule mtoto pale pembeni Stanley angekuwa mwanamume tu aliyevaa nguo za ajabu. Kalulu ndiye anayeifanya picha iaminike. Alizama katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877, na hakuacha maneno yake mwenyewe.

Nikirudi kwenye tawasifu na picha hiyo kichwani, nawaona akina Kalulu kila ukurasa. Tabora imo sana kitabuni: baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Ituru na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Watemi wana majina, na wafanyabiashara wana majina na ukoo. Wapagazi na mateka wanapita, kwa sehemu kubwa, kama kundi na kama idadi.

Hapo ndipo jibu la swali letu linakuwa zito. Ningesema kitabu ni cha Brode, ningeweza kumbebesha Brode ukimya huo: ni mkoloni, hakuona watu, tuendelee. Lakini nimeshasema sauti ni ya mzee. Basi na ukimya ni wake, na umeandikwa kwa Kiswahili chetu, tena Kiswahili kitamu. Anayekisifu kitabu hiki kama fahari ya nathari yetu ya zamani, nami nakisifu, achukue mzigo wote. Tabora wapo watu ambao mababu zao walibeba pembe hizo kwa ujira, na wapo ambao mababu zao walifika mjini wakiwa wamenunuliwa. Hawa nao wana haki ya kukisoma bila kuambiwa eti ni kisa cha shujaa wa safari.

Ushauri wangu kwa atakayekisoma: shika penseli. Frasila ni kama kilo 16, na mpagazi kwa kawaida alibeba kama frasila 2. Kila mzee anapotaja frasila za pembe, gawanya kwa mbili, kisha andika jibu pembeni mwa ukurasa. Frasila 100 ni watu 50, kutoka huko ndani, kupita Tabora, hadi pwani. Ukimaliza utakuwa na kitabu kilekile, maneno yaleyale ya mwenyewe, na pembezoni utakuwa na hesabu ya watu ambao hakuwachora.