Uhuru wa Kupewa: Wenyeji wa Sayari katika Televisheni

Mfululizo wa Kimarekani uitwao Star Trek ulianza kuonyeshwa mwaka 1966. Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka 5 ya kujitawala, na Kenya haijatimiza 3. Afisa wa mawasiliano wa chombo kile cha angani aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Kumpa mwanamke Mwafrika cheo na heshima namna ile lilikuwa jambo jema, nasi twalisifu.

Hata hivyo, sifa hiyo isitufumbe macho tuwatazamapo wenyeji wa sayari. Katika sehemu iitwayo "The Apple" (1967), wageni wa angani wawakuta watu wanaoitumikia mashine iitwayo Vaal. Watu hao wamechorwa kama watoto: kazi yao ni kumlisha mungu wao, wala mapenzi hawayajui. Sheria ya wageni yakataza kuingilia maisha ya wenyeji. Lakini Nahodha Kirk, ili kukinusuru chombo chake, aiangamiza mashine ile, kisha awafahamisha wenyeji kwamba sasa wako huru. Hakuna aliyewauliza rai yao. Hoja hii twaijua: ndiyo ile ya kuwastaarabisha watu kwa manufaa yao wenyewe, iliyotumika Afrika nzima.

Lugha nayo ina funzo. Katika "The Changeling", ya mwaka huohuo, Uhura afutwa kumbukumbu. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza na kukwama, hutamka Kiswahili. Msomaji mmoja ataona hapo lugha isiyofutika. Mwingine ataona lugha ya mtu ambaye hajaelimika bado. Sisi twaona kwamba mtunzi aliyaacha yote mawili bila kuyapima.

Huko Dzaleka, wilayani Dowa, suala hili si la angani. Mahali hapo, palipokuwa gereza zama za Banda, pamekuwa kambi ya wakimbizi tangu 1994, na Kiswahili huwaunganisha humo watu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Mara nyingi husimuliwa na wengine, kama watu wanaongoja kuokolewa tu.

Kwa hiyo twapendekeza zoezi kwa walimu wa Dzaleka na Lilongwe: mwanafunzi aisimulie "The Apple" kwa kinywa cha mwenyeji mmoja wa sayari ile. Kisha darasa lichunguze ni kitenzi gani alichokiweka mbele ya neno uhuru: kupewa, kupata, au kupigania.