Kumlisha Mgonjwa wa Saratani ya Umio Kabla ya Kisu

Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Ugonjwa huu una ukatili wake: unaziba njia ya chakula taratibu, na mtu huvumilia. Kwanza ugali unakwama, kisha wali, kisha uji, na wengi hufika hospitali wakati hata mate yanapita kwa shida. Daktari anapokea maradhi mawili katika mwili mmoja, uvimbe na njaa. Hoja yangu ni kwamba kwa aliyekonda sana njaa itibiwe kwanza, kwa kipimo na kwa ratiba kama dawa, hata ikibidi upasuaji uahirishwe wiki moja au mbili.

Ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1936, Hiram Studley, daktari wa upasuaji wa Cleveland, Marekani, alichunguza wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo. Kati ya wale waliokuwa wamepoteza zaidi ya 20% ya uzito wao, theluthi moja walifariki. Kwa waliopungua chini ya hapo, vifo vilikuwa 3.5%. Hao hawakuwa na saratani, lakini sababu ni ileile. Mwili hauna ghala la protini nje ya misuli na viungo vyake. Baada ya upasuaji, mshono unahitaji protini ili ushike na kinga inaihitaji ili ipambane na vijidudu, na yote hiyo hung'olewa kwenye misuli. Aliyekwisha kukonda hana cha kutoa. Mshono unaachia, na misuli ya kupumulia inashindwa kukohoa makohozi yakatoka, ndipo nimonia inapoingia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023, wa wagonjwa 5,709 wa saratani ya tumbo na ya utumbo mpana katika nchi 75, ulikuta utapiamlo mkali kwa theluthi yao, na kwa zaidi ya nusu katika nchi maskini. Utapiamlo huo uliambatana na vifo zaidi ndani ya siku 30.

Pingamizi la kwanza ni la muda: saratani haingoji. Ni kweli, lakini uvimbe uliochukua miezi kuziba umio haubadiliki sana kwa siku 14, ilhali misuli na kinga vinaweza kuanza kurudi. Mwongozo wa chama cha lishe tiba cha Ulaya, ESPEN, unashauri kuahirisha upasuaji kwa siku 7 hadi 14, hata wa saratani, kwa mgonjwa aliye katika hatari kubwa: aliyepoteza zaidi ya 10% hadi 15% ya uzito ndani ya miezi 6, au ambaye uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) uko chini ya 18.5. Agizo hilo si la kila mtu. Utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani, uliotolewa mwaka 1991 na kuhusisha wagonjwa 395, ulionyesha kuwa kulishwa kwa mshipa kabla ya upasuaji kuliwafaa wenye utapiamlo mkali, bali kwa wenye upungufu mdogo kulileta maambukizi zaidi bila faida. Ndiyo maana kupima kunatangulia kulisha, na tumbo likifanya kazi, chakula kipite tumboni.

Pingamizi la pili hutoka nyumbani: tukimlisha, tutaulisha uvimbe. Hofu hiyo inaeleweka, lakini uvimbe hausubiri sahani. Mgonjwa akinyimwa chakula, unaendelea kuchota sukari kwenye damu, na ini huitengeneza sukari hiyo kutokana na misuli yake mwenyewe. Anayefunga hapo ni mgonjwa peke yake.

La tatu ni gharama, na hapa inafaa tupige hesabu. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji karibu gramu 75 za protini kwa siku na kilokalori 1,250 hadi 1,500. Kikombe cha uji mwepesi chenye gramu 25 za unga wa mahindi kina gramu 2 tu za protini na kilokalori 90. Vikombe 6 kwa siku, ambavyo ndugu huviona kuwa vingi, havifikishi hata robo ya protini inayotakiwa. Sasa chukua lita moja ya maziwa, mayai 3, gramu 30 za unga wa dagaa uliochekechwa na vijiko 2 vya siagi ya karanga: hizo ni takriban gramu 75. Ongeza vijiko 2 vya mafuta ya kula na kilokalori zinapita 1,300. Si bei ya bure kwa familia iliyokwisha uza mbuzi kwa ajili ya nauli na vipimo, lakini ni vitu vya sokoni, havihitaji makopo ya duka la dawa. Vyote hupikwa vikaiva vizuri, vikasagwa na kuchujwa hadi vipite pale penye mwanya mdogo. Pasipopitika kabisa, mpira wa kulishia hupitishwa puani, au daktari hufungua njia kwenye utumbo mwembamba. Tumbo lenyewe huepukwa pale inapowezekana, kwa kuwa ndilo litakalovutwa kifuani kuwa umio mpya.

Kasi ya kulisha nayo ina hatari zake. Aliyekaa wiki nyingi karibu bila kula akipewa mlo kamili kwa mkupuo, fosfeti, potasiamu na magnesi huhama kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo huanzishiwa kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito, vitamini B1 ikitangulia, damu ikipimwa, na kiwango hupandishwa kwa siku 4 hadi 7. Maana yake wiki nzima inaweza kuisha kabla mgonjwa hajafikia mlo kamili, na ndiyo sababu kwa waliokonda zaidi naziona siku 14 kuwa za busara kuliko 7.

Baada ya upasuaji, desturi ya kungoja tumbo lipumzike imepoteza msingi. Uchambuzi wa mwaka 2001 wa majaribio 11 yenye wagonjwa 837 haukuona faida ya kuwaacha na njaa baada ya upasuaji wa tumbo na utumbo. Kwa umio tahadhari imebaki, kwani mshono uko kifuani na ukivuja ni hatari. Lakini jaribio la Uholanzi la mwaka 2020 halikuona mivujo ikiongezeka kwa walioanza kula mapema kwa mdomo. Mahali ambapo mivujo ni migumu kuigundua na kuitibu, mpira wa utumbo mwembamba uliowekwa siku ya upasuaji ndio njia salama zaidi, na nisingeharakisha kuutoa. Umio mpya hauna nafasi ya tumbo la zamani. Mgonjwa atakula kidogokidogo mara 6 au zaidi, ameketi wima, na wengi huendelea kupungua uzito kwa miezi. Kila siku ya kliniki mizani itangulie, na uzito uandikwe kwenye faili kando ya ule wa kabla ya kuugua.