Chuma Kilipowekwa Chini

Vijana wenzangu wa kalamu, wengi wetu tunaamini huzuni haisikiki mpaka ipigiwe makelele. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka usiku mmoja pale Karatu, ukungu wa Ngorongoro umeshuka na magari ya watalii yamelala, niliposikiliza "Changes" wa Black Sabbath.

Hawa jamaa walitoka Birmingham, mji wa viwanda vya chuma. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaendelea kupiga. Kwa hiyo anayefungua albamu yao Vol. 4, ya mwaka 1972, anategemea nyundo. Akifika kwenye wimbo huu anakuta piano. Gitaa hakuna. Ngoma hakuna.

Maneno aliyaandika mpiga besi, Geezer Butler, kutokana na kuvunjika kwa ndoa ya mpiga ngoma, Bill Ward. Sasa angalia: mwenye msiba ndiye asiyesikika! Kiti chake kiko wazi karibu dakika tano nzima.

Wapo wanaosema maneno yenyewe mepesi, na piano inarudi palepale kama ya mwanafunzi. Kweli, Iommi alikuwa anajifunza. Lakini mtu aliyeachwa hana maneno mapya, anarudia yaleyale, na Ozzy Osbourne anayaimba bila kujipamba. Kosa ninaloliona mimi ni Mellotron, kile kinanda kinachoiga fidla. Kimezidisha sukari.

Ukitoka Karatu kushuka Ziwa Eyasi utawakuta wahunzi wa Kidatoga, wanaogeuza misumari chakavu kuwa vyembe vya mishale ya Wahadzabe. Mhunzi hagongi muda wote. Kuna kitambo anavukuta tu, anangoja chuma kiive. Sisi waandishi tunagonga chuma kikiwa bado baridi.

Tarehe 5 Julai 2025, kwenye tamasha la kuwaaga Sabbath huko Birmingham, kijana Yungblud aliuimba wimbo huu. Siku 17 baadaye Ozzy akafariki. Miaka zaidi ya 50 imepita na bado unabeba msiba.

Mimi usiku ule nilichukua shairi nililomwandikia marehemu kaka yangu, nikafuta alama zote za mshangao, nikafuta na "ole wangu" zote. Likabaki nusu ukurasa. Mama aliposomewa hakulia. Aliniambia tu, "Hebu rudia."