Mwili na Utulivu katika Mashairi Mawili ya Vita

Uhakiki wa ushairi wa Kiingereza wa Vita Kuu vya Kwanza umezoea kuutafuta utulivu wa askari nje ya mwili wake: katika dini, katika kumbukumbu za nyumbani, katika mandhari. Mazoea hayo huyapunja mashairi mawili ambayo hoja yake ni mwili wenyewe, yaani "The Song of the Ungirt Runners" la Charles Hamilton Sorley na "Break of Day in the Trenches" la Isaac Rosenberg.

Sorley, mpenzi wa mbio tangu alipokuwa mwanafunzi huko Marlborough, alikuwa Ujerumani vita vilipozuka mwaka 1914. Alijiunga na jeshi la Uingereza, akapelekwa Ufaransa Mei 1915, akauawa Oktoba mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 20. Shairi lake lina beti tatu za mishororo minane. Wakimbiaji hawakujifunga mshipi wala hawashindanii tuzo. Kiini cha shairi kimo katika kimalizio. Kiitikio cha tarbia hurudia maneno yale yale. Hapa kinachorudiwa ni muundo, ilhali sababu inageuka. Katika ubeti wa kwanza wanakimbia kwa kuwa hawana budi, katika wa pili bila sababu, na katika wa tatu kwa kupenda. Lazima imegeuka hiari, na mbio ni zile zile.

Ni rahisi kuuona mgeuko huo kuwa ushindi mtupu wa nafsi. Hata hivyo, miti isiyoihoji dhoruba ni taswira ya amani na vilevile ya askari asiyehoji amri. Gwaride nalo hutaka mwili unaotenda bila kuuliza. Kinacholiokoa shairi na propaganda ni kwamba halina adui, halina bendera, wala furaha yake haimtumikii yeyote.

Shairi la Rosenberg lilichapishwa Desemba 1916 katika jarida la Poetry la Chicago. Wakati wake ni alfajiri, saa ambayo askari wa mahandaki walitakiwa kukaa tayari na silaha zao. Hapa hakuna nafasi ya kukimbia. Nafsineni huchuma tu ua la popi ukingoni mwa handaki na kulipachika nyuma ya sikio. Mwenye uhuru wa kwenda ni panya, agusaye mkono wa Mwingereza na kisha wa Mjerumani, akiwapita wanariadha wenye majivuno ambao nafasi yao ya kuishi ni finyu kuliko yake. Neno "wanariadha" limebeba kinaya kikali. Msomaji atokaye kwa Sorley humwona mkimbiaji yule yule akiwa amelala ndani ya ardhi iliyoraruliwa. Utulivu uliobaki ni wa mzaha, nao unajua kwamba ua liko salama kwa sasa tu. Rosenberg mwenyewe aliuawa Aprili 1918.

Mashairi haya yanastahili kufundishwa pamoja. Sorley akisomwa peke yake, utii huweza kusifiwa kwa jina la uhuru. Rosenberg akisomwa peke yake, husahaulika kwamba miili ile iliwahi kufurahi. Ukubwa wa hasara ya vita hupimwa kwa furaha hiyo.