Mkono Unaojua Pa Kuachia

Mwenye jino bovu anapofika kwa daktari wa meno Bwera, Uganda, mara nyingi huwa ameshakata shauri: ling'olewe. Amekesha ameshika shavu, ametafuna karafuu, amemeza vidonge alivyonunua njiani, na sasa anataka yaishe. Ombi lake ni la haki, na kung'oa huchukua muda mfupi. Ninachowapendea mafundi wa kazi hii ni kwamba hawakimbilii koleo.

"Ngoja kwanza nilitazame, mama."

Fundi anauliza huku akitazama. Je, chai ya moto au maji baridi yakilishtua, maumivu hupoa papo hapo? Au hukaa, yakapiga, yakakuamsha usiku? Yakipoa upesi, huenda kiini cha jino kingali na uhai na tobo linaweza kuzibwa. Yakikaa, kuziba juu ni kufungia moto ndani ya nyumba. Hapo njia ni kusafisha mizizi au kung'oa. Kisha anagonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake, anatafuta usaha kwenye ufizi, anahesabu kuta zilizosimama. Mara nyingi mgonjwa ni gego la kwanza la kudumu, linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Wazazi wengi hulidhani la utoto, wakaliacha lioze wakisubiri jingine lisilokuja.

Likionekana la kuokolewa, uchaguzi unaanza. Kijazio cha rangi ya fedha ni kigumu na huvumilia mate, lakini hakishiki kwenye jino chenyewe; fundi hulazimika kuchonga hata sehemu isiyooza ili kipate pa kujishikiza. Tena kina zebaki. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika 2017 na ambao Uganda ni mwanachama, unakipunguza hatua kwa hatua. Komposit hufanana na jino na hushika vizuri, lakini ina masharti yake: pakavu kabisa, tabaka la milimita 2 hivi kwa mara moja, kila tabaka likaushwe kwa taa ya buluu. Mate yakipenya, kazi imeharibika. Umeme ukikatika, hakuna kazi. Taji hufaa jino lililobaki na kuta nyembamba, ila hudai kipimo, fundi wa maabara na safari ya pili. Mtu anayetoka Karambi au Kisinga hujumlisha nauli na siku ya shamba iliyopotea kabla ya kujibu.

Kuna njia ya nne, na hii ina asili ya hapa kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, katika chuo cha meno cha Dar es Salaam, Jo Frencken, Mholanzi, na wenzake walianza kusafisha matobo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuyaziba kwa simenti. Leo hutumika simenti ya glasi ayonoma, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hushikamana na jino yenyewe na hutoa floridi kidogo kidogo.

Itazame ikifanywa na mkono uliozoea. Patasi ndogo inazungushwa mdomoni mwa tobo, mbele na nyuma, mpaka kijiko kipate pa kuingia. Kijiko hicho si kikubwa kuliko punje ya mtama. Kinakwangua kingo kwanza, na uozo unatoka kwa maganda laini yenye unyevu. Fundi anasikiliza kwa vidole: palipooza panatii kimya, palipo pazima panakwaruza. Kingo lazima zikwaruze pande zote, maana ndizo zitakazoshika simenti. Lakini akifika chini, karibu na kiini, mkono unapunguza nguvu na kusimama, hata kama pale bado pana ulaini kidogo. Zamani walifundishwa kukwangua mpaka pagumu, na viini vingi vilitobolewa kwa bidii hiyo. Sasa inajulikana kuwa tobo likizibwa barabara, vijidudu vilivyobaki hukosa chakula na uozo husimama.

Kinachofuata hakisubiri. Unga na maji yake vinachanganywa, na simenti iingie ingali inang'aa. Ikishafifia haishiki tena. Fundi anapaka Vaseline kwenye kidole cha glovu, anaikandamiza, anaondoa inayofurika pembeni, anamng'atisha mgonjwa karatasi ya rangi aone panapogusa mno. "Usile saa nzima, mama. Na muwa uutafunie upande wa pili kwa leo."

Simenti hii nayo ina mipaka. Tobo la upande mmoja hulihifadhi miaka. Lililobomoa kuta mbili au tatu huichosha mapema, na fundi mwaminifu husema hivyo kabla hajachanganya unga. Kuna siku pia kung'oa ndiyo tiba, naye fundi hung'oa vizuri. Ila uamuzi huo kwa sehemu kubwa uko kwa mwenye jino. Anayekuja chai inapoanza kumshtua humwachia fundi nafasi ya kuchagua. Anayengoja mpaka akeshe humwachia mizizi au koleo.